Theluthi ya Kijiko cha Chai

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Nairobi, kwenye kikao chetu cha wapenzi wa magari ya rimoti yanayotumia nitro, yaani mafuta ya methanoli, nitromethani na oili. Mvua iliwazuia wengi, mkaniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani tu ndizo nimeziruka.

Wazee wetu mliokaa mbele, ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka: hamjambo?

Sikuja kuwafundisha kwenda mbio. Humu ndani kuna watu ambao nikishindana nao kwa mbio nitaaibika mbele ya watoto wangu. Nimekuja kuzungumza habari za kijiko cha chai.

Kijiko cha chai kinachukua mililita tano. Sasa toeni theluthi yake. Ni matone tu hayo. Ungekuwa unampa mtoto dawa, hata uso hangekunja. Mimi nilishindwa fainali kwa kiasi hicho.

Niwasimulie. Mbio zilikuwa za dakika 30. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde 40, kwa hiyo mizunguko 45. Gari langu lililipita la mpinzani wangu kwa sehemu ya kumi ya sekunde kila mzunguko. Zidisha mara 45: sekunde nne na nusu. Nimeshinda, sivyo? Sikushinda! Tangi langu lilinipa dakika saba. Nikaingia piti, pale pa kujazia mafuta, dakika ya 7, dakika ya 14, dakika ya 21, na dakika ya 28. Ya 28, jamani! Zimebaki dakika mbili na mimi niko piti nimeinamisha chupa. Mwenzangu tangi lake lilimpa dakika saba na sekunde 40. Akaingia mara tatu, akamaliza. Kila kuingia kulikula sekunde saba. Toeni zile nne na nusu zangu. Nilishindwa kwa sekunde mbili na nusu na mtu niliyemzidi mbio.

Usiku ule sikulala kabla ya kupiga hesabu. Bagi za moja kwa nane, yaani vigari vya ukubwa wa sehemu moja katika nane ya gari halisi, hizi za injini ya mililita tatu na nusu, sheria inazipa tangi la mililita 125, mipira ya kupitisha mafuta na chujio vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Langu 125, lake 125. Yeye alikunywa mililita 16.3 kwa dakika, mimi 17.9. Tofauti ni mililita moja na nusu na ushei. Theluthi ya kijiko cha chai.

Na sisi hapa tunacheza dakika 30. Fainali ya dunia ya bagi hizi ni saa nzima. Ile ya mwaka 2016 ilifanyika Las Vegas, akashinda David Ronnefalk wa Uswidi. Mke wangu huniuliza ninaona raha gani kukesha nikitazama vigari kwenye simu. Ninatazama piti! Kwenye saa nzima, anayepata dakika nane kwa tangi ataingia mara saba. Anayepata dakika kumi na chembe ataingia mara tano. Hizo mara mbili ndizo mbio zenyewe. Mengine ni vumbi na makelele.

Sasa swali. Ukitaka dakika zaidi, mkono wako unakwenda wapi kwanza? Semeni kweli. Unakwenda kwenye sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta. Mkono wa kila mtu unakwenda kwenye sindano! Unachukua bisibisi, unafunga sindano kubwa ya kabureta thumni ya mzunguko, gari linalia vizuri, linaruka, na tangi linakupa nusu dakika ya ziada. Unajiona fundi.

Nilikuwa na rafiki, simtaji, yumo humu na ameshaanza kuangalia viatu vyake. Alifunga sindano asubuhi, akapata sekunde 20. Akafunga tena saa sita, akapata nyingine 20. Alikuwa ananipigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja: "Umeona? Umeona?" Na kweli gari lilikwenda siku ile kuliko siku zote. Saa tisa, kwenye mnyooko, injini ikatoa sauti moja nyembamba kama mbu, ikanyamaza. Tulipofungua, fimbo ya pistoni ilikuwa imekatika, na silinda ina mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha. Sitaji bei ya injini ile, maana mkewe naye yumo humu.

Kwa nini ikafa? Nataka jambo hili lieleweke, ndiyo maana nitakaa nalo. Injini hizi ni za mipigo miwili. Hazina tangi la oili wala pampu ya oili. Oili yote inayoilinda ile fimbo, ile beringi, ile pistoni isiyo na ringi hata moja, imo ndani ya mafuta yenyewe, kama sehemu moja katika kumi. Mnaijua oili hiyo? Nyingine hutengenezwa kiwandani, lakini nyingine ni mafuta ya nyonyo! Ya nyonyo, yale yale bibi zetu walitupaka kichwani na kutunywesha tumbo likikaza. Basi ukifunga sindano hukupunguza mafuta peke yake. Umepunguza na oili. Wakati huo huo umeondoa ubaridi, kwa sababu methanoli ikigeuka mvuke inanyonya joto la injini. Joto limepanda, oili imeshuka, kwa mkono mmoja. Na ubaya wa injini kavu ni kwamba kabla haijafa inaimba. Ina nguvu, ina sauti tamu, inakudanganya kwamba umepata. Rahisi ghali, wazee walisema, ingawa hawakuwa wanazungumza habari za kabureta.

Kwa hiyo sindano kubwa iacheni mahali inapotaka injini. Moshi wa buluu uonekane kwenye mnyooko. Joto la kichwa cha injini liwe kati ya nyuzi 100 na 120, kwa injini nyingi, na msimwamini mtu anayepima kwa mate. Joto lenyewe nalo halitoshi kama ushahidi, maana siku ya baridi linadanganya. Sikilizeni sauti, tazameni moshi, kisha pimeni joto.

Kama mnataka kugusa sindano, guseni ile ndogo, ya mwendo wa chini. Hiyo ndiyo inayokunywa bila kuonekana. Wengi wetu tunaiacha wazi mno. Gari likiingia kona injini inajaa mafuta, ukitoka inakohoa, wewe unadhani ni klachi. Kuna kipimo cha zamani. Gari likiwa limepata moto vizuri na injini inazunguka polepole, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta uhesabu. Ikipandisha sauti baada ya sekunde mbili tatu kisha ikataka kuzima, ni sawa. Ikichukua sekunde tano, sita, una bwawa humo ndani. Funga kidogo, kiasi cha mkono wa saa kusogea kutoka saa sita hadi saa saba, uendeshe mizunguko mitatu, upime tena. Mimi hapo nilipata sekunde kumi na kitu, na joto halikupanda hata nyuzi tatu.

Sasa niwaambie nilipozikuta sekunde nyingi zaidi. Mtacheka. Nilizikuta ndani ya tangi.

Mwanangu alikuwa na bomba la sindano la hospitali, la mililita 20, anamwagia mimea maji. Siku moja gari lilizima kwa kukosa mafuta katikati ya mazoezi. Nikalichukua, nikaliweka mezani, nikaingiza lile bomba tangini kunyonya masalio ili nipakie gari. Nikanyonya, nikanyonya. Mililita tisa! Gari limezima kwa njaa na chakula kimo ndani. Pigeni hesabu na mimi: mililita tisa, kwa gari linalokunywa 17.9 kwa dakika, ni sekunde ngapi? Thelathini! Mimi nilikuwa nimeshindwa fainali kwa sekunde 40 za tangi, na sekunde 30 kati ya hizo nilikuwa nazibeba kila siku kama mzigo, nazungusha uwanja mzima, narudi nazo nyumbani.

Ndugu zangu, mnajua tangi lenu la mililita 125 linawapa ngapi? Au mnajua linachukua ngapi tu?

Yangu ilikuwa hivi. Lile jiwe la chujio linalonyonya mafuta chini ya tangi lilikuwa limevutwa na mpira mgumu wa zamani, limekaa juu ya sakafu kwa urefu wa punje ya mchele. Mafuta yakishuka chini yake, linanyonya hewa. Unapovuta mwendo mafuta yanakimbilia nyuma, unapofunga breki yanakuja mbele, na jiwe limening'inia katikati kama mgeni asiyejua aketi wapi. Nikabadilisha mpira, nikaliweka jiwe likalala kwenye kona ya chini kabisa. Kisha nikakagua kifuniko. Mnakumbuka tangi hili linasukumwa na pumzi ya eksozi. Kuna kampira kanakoleta moshi kusukuma mafuta yaende kwenye kabureta. Raba ya kifuniko ikipasuka, ile pumzi inatoka, mafuta yanakwenda kwa kusitasita hasa tangi likikaribia kuisha. Wewe unafungua sindano kulirekebisha gari la mwisho wa tangi, na mwanzo wa tangi sasa linakunywa kama ng'ombe. Raba ya shilingi chache! Ninaibadilisha kila baada ya miezi michache bila kuuliza.

Na jambo dogo, nalipita haraka: wekeni kopo la mafuta kivulini. Methanoli inavimba kwa joto, zaidi ya asilimia moja kwa kila nyuzi kumi. Tangi linapimwa kwa ujazo. Mafuta yaliyolala juani yanajaza tangi upesi na yana chakula kidogo. Ni sekunde nne tano tu, lakini hazina gharama. Na kwa kuwa nimetaja makopo: mtu yeyote nitakayemwona ametia mafuta haya kwenye chupa ya soda au ya maji, nitamwaga chini mbele yake. Methanoli inapofusha. Inaua. Ikiwaka mchana, moto wake huuoni. Tunakuja na watoto hapa.

Tuje kwenye mafuta yenyewe. Kuna imani kwamba nitro nyingi ndiyo mbio. Asilimia 25, asilimia 30, na anayetia 16 anaonekana hana hela. Hebu tuangalie. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Methanoli inahitaji sita na nusu hivi. Nitromethani? Moja na nukta saba tu. Pumzi ya injini ni ile ile; mililita tatu na nusu hazibadiliki. Kadiri nitro inavyozidi, ndivyo unavyoweza kumimina mafuta mengi zaidi juu ya pumzi ile ile. Hapo ndipo nguvu inapotoka, na hapo ndipo tangi linapokwisha upesi.

Wenzetu wa Ulaya hawakuulizwa wanapenda nini. Tangu Februari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu mtu wa kawaida asiye na kibali kununua mafuta yenye nitromethani kupita asilimia 16 kwa uzito, kwa sababu kemikali hiyo inaweza kutengenezewa mabomu. Walinung'unika. Kisha wakatoa shimu moja, kile kipande chembamba cha bati kilicho chini ya kichwa cha injini, ili mgandamizo upande kidogo, wakaweka plagi ya moto zaidi, wakaendelea na mbio zao. Mimi nimejaribu hivyo hivyo hapa, kutoka 25 kwenda 16. Kwenye uwanja wetu huu wa kona nyingi, muda wangu wa mzunguko haukubadilika kwa kiasi ninachoweza kukiapia. Tangi ndilo lililobadilika. Lakini nawasihi, shimu itolewe na mtu anayejua anachopima. Ukikosea hapo tunarudi kwa rafiki yangu anayeangalia viatu.

Halafu kuna hewa ya mahali. Mimi kwetu ni Mombasa, na kila mwaka nateremka na gari. Mara ya kwanza nililitoa kwenye buti, nikaliwasha bila kugusa kitu, kwa kiburi cha mtu anayerudi nyumbani. Dakika tano likawaka joto la kukaangia samaki. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari; hewa yetu ni pungufu kama sehemu moja katika saba. Kule pwani injini inapumua hewa nzito, inataka mafuta zaidi, na sindano niliyoifunga huku ilikuwa inaiua. Na wale wanaopanda kuja huku na sindano za pwani wanashangaa mbona magari yao mazito na yanakunywa ovyo. Kwa hiyo mtu akikuambia tangi lake linakwenda dakika tisa, usimwonee wivu kabla hujamuuliza: wapi?

Kabureta, nitalisema kwa ufupi. Ndani ya mdomo wake kuna kipete kinachopunguza upana wa kuingizia hewa. Watu wanaweka kikubwa kwa sababu ni kikubwa. Kwenye uwanja mdogo kama wetu, shukeni nusu milimita, mrekebishe sindano upya, mjaribu. Gari linakuwa pole kidogo chini, rahisi kuendesha, na linakunywa kidogo. Eksozi nayo ina yake, lakini hiyo ni hotuba nyingine na ni fedha nyingine.

Nije kwenye kinachoburura. Inueni mikono, nani leo asubuhi amelisukuma gari lake sakafuni kabla ya kuliwasha? … Wawili. Wawili kati ya watu wote hawa!

Gari langu la pili lilikuwa linakunywa bila sababu. Nimepima sindano, nimepima tangi, nimebadilisha plagi. Siku moja binti yangu alilisukuma kwenye ukumbi akasema, "Baba, mbona gari lako halitaki kwenda?" Watoto! Nikalisukuma na mimi. Lilikwenda hatua mbili likasimama. La jirani lilikwenda hadi ukutani. Pedi ya breki ya mbele ilikuwa inagusa diski muda wote, kidogo tu, kwa sababu sevo, kile kimota kinachovuta breki, ilikuwa haijarudi katikati sawasawa. Nilikuwa naendesha mbio nzima huku nimekanyaga breki. Beringi moja ya gurudumu nayo ilikuwa imejaa vumbi. Mchana mmoja wa kusafisha, shilingi mia chache, na gari likawa gari.

Klachi ni ndugu wa breki. Shuu zake za kushikia zikiisha au springi zikilegea, inashika mapema na kuteleza. Injini inapiga kelele, magurudumu hayapati kitu, na mafuta yanageuka joto la kikombe cha klachi. Ukikiona kikombe kimekuwa cha buluu, hapo ndipo dakika zako zilipo. Gia nazo, jino moja zaidi kwenye kikombe linaishusha injini kelele kwenye mnyooko, ila uwanja wa kona nyingi hauli­pendi sana. Jaribuni wenyewe.

Mwisho ni kidole. Hapa nitaumizwa, najua.

Mwezi uliopita tulifanya jaribio. Gari moja, tangi moja, mafuta ya kopo moja. Nikaendesha mimi kwanza, kisha binti mmoja aliyeanza mchezo huu mwaka jana, yule pale aliyevaa kofia, msimpigie makofi bado. Mimi: dakika saba na sekunde 50, maana gari lilikuwa limeshatengenezwa. Yeye: dakika nane na sekunde 25. Na mizunguko yake? Sawa na yangu! Baadhi mizuri kuliko yangu. Sasa mpigieni makofi.

Nilisimama nyuma yake nimtazame kidole. Mimi nikikaribia kona navuta triga, naachia, navuta, naachia, navuta, kwa sababu napenda sauti ile. Tuseme ukweli, nusu ya watu humu waliingia mchezo huu kwa sababu ya sauti. Kila ule mlio mfupi ni tone la mafuta ambalo halikulisogeza gari hata kidole kimoja. Yeye anaachia mapema, gari linateleza lenyewe hadi katikati ya kona, kisha anavuta mara moja, polepole, hadi mwisho. Akiruka tuta, mimi nipo hewani nimeshika triga yote, magurudumu yanazungusha upepo! Yeye ameachia, amebakiza kidogo tu cha kuliweka gari sawa. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akaniambia hakuna, ila mafuta anayanunua mwenyewe, hanunuliwi.

Sasa mvua imepungua. Nimeleta mabomba ya sindano kumi, mapya, ya mililita 20, yako kwenye mfuko ule mwekundu. Chukueni gari lenu, liendesheni hadi lizime lenyewe, msilijaze. Mlilete kwenye meza yangu tunyonye kilichobaki, tuandike. Rafiki yangu wa viatu ataanza.